Mgeni wa siku ya tatu: kupanga safari ya Beijing wakati wa baridi

Ukiwa Muleba na unataka kwenda Beijing mwezi wa Januari, kitu cha kwanza unachogundua ni kwamba lugha yenyewe inasitasita. Tunalo neno kipupwe, lakini kipupwe ni ule ubaridi wa Juni hadi Agosti, wa kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Theluji tumeipata kwa Waarabu. Barafu imetoka Uajemi, na huko barf ni theluji yenyewe. Sisi tukaifanya kitu cha kwenye friji. Maneno tunayo, ila yalifika kabla ya kitu chenyewe.

Ndiyo maana katika kupanga safari hii nimesoma historia kuliko vitabu vya watalii. Nilitaka kujua watu wetu waliofika kule wakati wa baridi walikuta nini, na wametuachia nini kwenye maandishi. Methali iliyonisaidia kuwapanga ni ile ambayo Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitumia mwaka 1962 katika maandishi yake juu ya ujamaa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Mgeni wa siku mbili ni Mwalimu mwenyewe. Alifika Peking, kama ilivyoitwa wakati huo, Februari 1965, wiki mbili hivi baada ya Mwaka Mpya wa Kichina. Tarehe 20 Februari ukasainiwa mkataba wa urafiki kati ya Tanzania na China. Katika ziara hiyohiyo suala la reli ya kwenda Zambia liliwekwa mezani, wakati Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema reli hiyo hailipi. Makubaliano ya kuijenga yalisainiwa hukohuko Peking, Septemba 1967, na mwaka 1976 reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ikakabidhiwa kwa wenyewe. Huwezi kusema ziara ile ilikuwa ya kunywa chai tu.

Lakini soma kumbukumbu za ziara hiyo ukitafuta baridi. Utakuta hotuba, karamu, mikono inayopeanwa. Mwalimu alirudi akisifu jinsi Wachina wanavyobana matumizi, na sifa hiyo aliigeuza kuwa somo kwetu. Baridi haimo, na wala si kosa lake. Mgeni wa taifa hutoka kwenye gari hadi ukumbini, na kazi ya mwenyeji ni kuhakikisha upepo haumfikii.

Wa siku ya tatu ni wanafunzi. Mwaka 1960 kijana wa Kighana, Emmanuel John Hevi, alikwenda Peking kusoma, na mwaka 1963 akachapisha kitabu An African Student in China. Miongoni mwa Waafrika aliowakuta huko walikuwemo Wazanzibari. Hevi analalamika juu ya lugha, siasa kuingizwa kwenye kila somo, kufuatiliwa, na ubaguzi. Anasimulia jinsi Mzanzibari mmoja alivyopigwa katika hoteli moja ya jiji hilo Machi 1962, na wenzake wakagoma. Kwa hesabu yake, kati ya wanafunzi 118 wa Kiafrika, 96 walikuwa wameondoka au walikuwa mbioni kuondoka.

Hiki ni kitabu cha kusomwa kwa macho mawili. Jicho la kwanza linaona kijana aliyeumia kweli. La pili linaona kwamba kilitoka katikati ya Vita Baridi, na wapinzani wa China walikipokea kwa mikono miwili. Na kuna jambo la tatu: miaka aliyofika Hevi ilikuwa miaka ya njaa kubwa China, baada ya ule mpango wa Mao wa kuruka hatua za maendeleo kwa haraka. Mamilioni ya watu walikufa. Mgeni anayelalamikia bwenini kwake alikuwa akiishi ndani ya nchi ambayo wenyeji wake walikuwa na shida kumzidi, na hawakuwa na ruhusa ya kuisema.

Halafu kuna kundi ambalo ndilo linanigusa zaidi. Mwaka 1972 vijana takriban 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa chuo cha reli cha Peking, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Beijing Jiaotong, kujifunza kuiendesha reli ile. Walikaa hadi 1975. Hesabu mwenyewe: hiyo ni baridi tatu nzima. Hawa walipewa jembe hasa. Hotuba za Mwalimu zimewekwa kwenye majalada, na malalamiko ya Hevi yapo maktaba. Lakini asubuhi za vijana hawa, koti la kwanza, barua ya nyumbani iliyochelewa, ukizitafuta kwa Kiswahili utahangaika sana. Tumeirithi reli bila kurithi masimulizi yake.

Huku kwetu, wakati huo bado ni Mkoa wa Ziwa Magharibi, dira ya safari za mbali ilielekea kwingine. Mwaka uleule wa 1960 Hevi alipofunga safari, Laurean Rugambwa, askofu wa Rutabo, hapahapa Muleba ya leo, alifanywa kardinali wa kwanza Mwafrika. Ng'ambo kwa watu wa huku ilikuwa Roma. Peking ilikuwa sauti ya redio, maana matangazo yake ya Kiswahili yalianza Septemba 1961. Sasa mambo yamegeuka. Mabondo ya sangara wa ziwani yanasafirishwa hadi masoko ya Hong Kong na Guangzhou, na wateja wa huko huyahitaji zaidi Mwaka Mpya wao unapokaribia. Sehemu ya samaki wetu inawahi sikukuu ya Wachina kila mwaka, sisi wenyewe tunaijua kwa bei tu.

Basi, kwa wanaopanga kama mimi, historia hii imenipa mambo ya kufanya. Nimechagua nusu ya kwanza ya Januari, kwa sababu Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, na siku hizo treni hujaa na maduka mengi hufungwa. Beijing usiku hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi nane hivi, baridi kavu yenye upepo, theluji kidogo. Ila majumbani kuna joto la mabomba kuanzia 15 Novemba hadi 15 Machi. Kusini ya mto Huai mpango huo haupo tangu miaka ya 1950, kwa hiyo Shanghai inaweza kukutesa ndani ya nyumba kuliko Beijing. Koti zito hulihitaji kununua jipya, mitumba inatosha. Na kwa mtu wa Kagera, kupitia Mutukula hadi Entebbe ni karibu kuliko kwenda Dar.

Ukuta Mkuu nitauona, sikatai. Lakini siku moja nimeiweka kwa ajili ya kutembea kwa miguu kuzunguka Jiaotong, asubuhi, saa ambayo wale vijana walikuwa wakienda darasani. Na nina ombi kwa wasomaji: kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyesoma Peking, au kuna barua zake kwenye sanduku, mkae naye mumwandike. Wengi wao sasa wamepita miaka 70. Reli inaweza kukarabatiwa. Mzee akiondoka na baridi zake tatu, hakuna wa kuzirudisha.