Ujumi, Jamala na Utukufu

Elimu inayochunguza uzuri, na namna binadamu anavyoutambua, ambayo wahakiki wa fasihi yetu huiita ujumi, hata huko Ulaya haikuwa na jina la pekee mpaka Mjerumani Alexander Baumgarten, mwana wa mchungaji wa Berlin, alipolitaja mwaka 1735 katika risala aliyoiandika angali kijana wa miaka 21, kisha akalifanya anwani ya kitabu chake cha Kilatini kilichotoka mwaka 1750. Jina hilo alilitwaa katika Kiyunani, ambako asili yake ni kuhisi kwa milango ya fahamu, wala si uzuri. Maana dai lake lilikuwa kwamba jicho na sikio vina maarifa yavyo, ambayo mantiki haina haki ya kuyadharau.

Waarabu wa leo elimu hii huiita kwa neno lao la uzuri, ambalo ndilo lililotupa jamala, nasi tungaliwafuata lau neno hilo lisingalihama maana: jamala ya mwambao ni hisani, ni adabu ya mtu ampokeaye mgeni kwa uso mkunjufu na kumwandalia kabla hajaomba, na asikiaye “elimu ya jamala” atadhani anaitwa kufunzwa maadili. Urembo ndio haufai kabisa, kwani urembo ni wanja, hina na herini.

Mashaka makubwa huwapata wanatheolojia. Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alikitakia kitu kizuri ukamilifu, ulinganifu na mng'ao, na hayo aliyanena alipokuwa akieleza habari za Mwana katika Utatu, si habari za michoro. Naye Hans Urs von Balthasar wa Uswisi, alipoanza mwaka 1961 kutoa majuzuu yake makuu, alitanguliza uzuri, akafuatisha wema, akamalizia kwa ukweli, akihofu kwamba wema uliotengwa na uzuri hupoteza mvuto, hata mtu akauliza kwa nini asichague uovu. Lakini sehemu ile ya kwanza aliipa jina la utukufu, neno ambalo Biblia ya Kiswahili inalo tangu zamani. Basi ujumi na ubaki jina la elimu, na utukufu uwe jina la kile kinachotazamwa. Mfasiri atakayeviita vyote viwili ujumi hatapata la kumjibu msomaji atakayeuliza jinsi Balthasar alivyouingiza humo msalaba, usio na sura wala ulinganifu.