Mnyororo wa Watu wa Birmingham

Jumamosi tarehe 16 Mei, 1998, wakuu wa mataifa manane yenye nguvu walipokuwa wakikutana Uingereza, watu wapatao 70,000 walishikana mikono wakapazunguka katikati ya mji wa Birmingham, wakidai neno moja tu: nchi maskini zisamehewe madeni yasiyolipika kabla ya kuingia mwaka 2000.

Fikra hiyo waliianzisha Waingereza wawili, Martin Dent, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Keele, na Bill Peters, balozi mstaafu, walioirejea sheria ya Taurati ya mwaka wa yubile, ambapo kila miaka 50 watumwa huachiwa huru na ardhi ikarudi kwa wenyewe. Wakaiita harakati yao Jubilee 2000. Lakini si insafu kuwapa wao sifa yote, maana tangu miaka ya themanini Mwalimu Nyerere alikwisha kuuliza hadharani kama ni halali watu wafe njaa ili wadai walipwe, na mwaka 1996 raia wa Uganda walikwisha kuunda mtandao wao wa kupambana na madeni.

Aghalabu lawama yote ya madeni hayo hubebeshwa ubadhirifu wa serikali zetu, nao kweli ulikuwapo. Ila mikopo ilitolewa kwa wepesi mno miaka ya sabini, kisha riba ikapanda ilhali bei za kahawa, pamba na katani zikishuka, hata mwenye kulipa kila mwaka akaliona deni lake likizidi. Wala hapakuwa na kadhi wa kumwendea, kwa kuwa mdai mwenyewe ndiye aliyekalia kiti cha hukumu.

Kelele zile hazikupotea bure. Juni 1999, mjini Cologne, wakuu wale waliridhia msamaha mpana zaidi. Tanzania ikaufikia kikamilifu Novemba 2001, na shule zetu za msingi zikaacha kutoza ada, hata watoto waliokuwa wakirudishwa majumbani kwa kukosa karo wakasoma. Baada ya mkutano wao wa Gleneagles wa 2005 madeni mengine yakafutwa. Hiyo ni kazi ya raia, nami naiheshimu kwa moyo wote.

Hata hivyo waliosamehe ni wale wale waliohukumu, kwa masharti yao wenyewe, na kiti hicho hakijahama: katika Shirika la Fedha la Kimataifa, mmoja wa wadai hao, maamuzi makubwa yahitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ingali inashika zaidi ya asilimia 15.