Joan Root, mchwa na kamera

Nimepotea kidogo, kazi zilinizidi. Leo naweka kando mambo ya programu niwape historia, ingawa mkinivumilia mtaona hesabu kidogo nayo imo.

Mimi nilikulia hapa hapa Lucky Summer. Enzi hizo ploti yetu nzima ilikuwa na runinga moja ya jirani, nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Jioni watoto wote tulijazana sakafuni kwake. Siku moja ikaonyeshwa filamu ya wanyama, na kamera ilikuwa ndani ya kichuguu. Mama yangu, ambaye kwao magharibi kumbikumbi ni kitoweo, alitazama weee, kisha akauliza, "Sasa hawa si ndio wanaotula mlango?" Watu wakaangua kicheko. Mimi nilibaki na swali langu: kamera iliingiaje mle?

Nilipokuja kupata intaneti nilianza kutafuta watu waliotengeneza filamu za aina hiyo, na nikaishia Naivasha, kwa mama mmoja aitwaye Joan Root.

Joan alizaliwa Nairobi mwaka 1936, binti wa mkulima wa kahawa. Mwaka 1961 aliolewa na Alan Root, na wakaanza kutengeneza filamu za wanyama kwa ajili ya kipindi cha Survival cha kampuni ya Uingereza ya Anglia Television. Makao yao yalikuwa kando ya Ziwa Naivasha. Mwaka 1963 walikuwa Kongo wakipiga picha za gorila wa milimani, na ni katika safari hiyo ambapo Dian Fossey, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua, aliwaona gorila hao kwa mara ya kwanza.

Joan hakuwa mwanamke wa kwanza katika kazi hii. Uingereza alikuwapo Mary Field, mwalimu wa historia aliyejiunga na British Instructional Films mwaka 1926, akaongoza filamu za mfululizo wa Secrets of Nature. Mwenzake Percy Smith alikuwa fundi wa kuharakisha muda: ua linachukua siku nzima kuchanua, wewe unaliona likifunguka mara moja. Hesabu yake ni rahisi. Piga picha moja kila dakika. Kwa saa 24 unapata picha 1,440. Zionyeshe kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, na siku nzima inakwisha kwa dakika moja. Leo simu yako inafanya hivyo ukiwa umelala. Wao ilibidi watengeneze mitambo kwa mikono yao. (Na msidhani huku kwetu sinema za mafunzo zilichelewa. Kati ya 1935 na 1937 kule Vugiri, milima ya Usambara, zilitengenezwa filamu 35 za kilimo, afya na mengineyo, sauti ikiwa kwenye sahani za santuri. Ila wakuu wa mradi ule walikuwa Waingereza wanaume.)

Tofauti ni kwamba jina la Mary Field liliandikwa kama mwongozaji. Kwa akina Root, mtu wa mbele alikuwa Alan: mcheshi, rubani, mwenye kushika kamera. Joan alikuwa mpole, haongei sana. Lakini ni nani alipanga safari za miezi mingi porini? Nani alihesabu chakula, mafuta, filamu na dawa? Nani alilea wanyama yatima nyumbani, akakaa nao usiku kucha? Enzi hizo reli moja ya filamu ya milimita 16, yenye urefu wa futi 400, ilikwisha kwa dakika 11 hivi. Hakuna kufuta ukarudia, hakuna kutazama papo hapo kama picha imetoka. Mpangaji akikosea, msimu mzima umepotea.

Wala hakukaa nyuma kwenye hatari. Alan alipotaka picha ya swila akitema sumu, aliyepiga magoti mbele ya nyoka alikuwa Joan, na miwani machoni, sumu ikamwagika kwenye vioo. Katika chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, walikuwa chini ya maji kiboko alipowavamia. Jino lake lilipenya kifaa cha kupigia mbizi usoni mwa Joan, kisha akamng'ata Alan mguu. Uso wa Joan ulisalimika, sijui nimwite mtu wa bahati au wa namna gani.

Filamu yao ya mchwa, Mysterious Castles of Clay ya mwaka 1978, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ni nusu ya jibu la swali langu la utotoni: mchwa walipewa subira iliyopita akili yangu ya mtoto.

Ndoa ilivunjika. Joan alibaki Naivasha, akaanza kupigania ziwa dhidi ya uvuvi haramu, hata akaajiri vijana waliokuwa wavuvi haramu wawe walinzi. Usiku wa tarehe 13 Januari 2006 watu wenye bunduki walifika nyumbani kwake wakampiga risasi. Alikuwa amebakiza siku tano atimize miaka 70. Wanaume wanne walishtakiwa, na mwaka 2007 mahakama ikawaachilia.

Sasa kwa nini nawaambia haya? Miaka kumi iliyopita niliandika mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu za chama cha akiba hapa mtaani. Kwenye ukurasa wa "Walioutengeneza" niliweka jina langu peke yangu. Dada aliyeketi na akina mama jioni baada ya jioni, akipima kila kitufe na kuniletea makosa yameandikwa kwenye daftari, sikumtaja. Wiki jana, baada ya kusoma habari za Joan, niliufungua ukurasa ule nikaongeza jina lake, kisha nikampigia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Lile daftari bado ninalo, na kuna makosa matatu hujarekebisha."

Basi niko hapa, nayashughulikia. Wiki ijayo nitawaeleza jinsi ya kuunganisha picha za simu ziwe filamu ya kwenda kasi.