Kolonoskopi kwa mwenye IBS: Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita

Kolonoskopi ni kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa mpira mwembamba wenye kamera, unaoingizwa kwa njia ya haja kubwa hadi pale utumbo mwembamba unapoishia. Mtu mwenye IBS, yaani tumbo linalouma, kujaa gesi, kuharisha au kufunga choo kwa miezi mingi bila kidonda wala uvimbe, kwa kawaida hakihitaji. Ugumu wa kuamua mkoani Shinyanga na Geita unatokana na jambo jingine: kanda hii ina magonjwa yanayofanana sana na IBS, na mengi yake hugunduliwa kwa kikopo cha choo na tone la damu kabla kamera haijatajwa.

Kwa vigezo vya kimataifa vya Roma vya mwaka 2016, IBS ni maumivu ya tumbo yanayorudi walau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yakiambatana na walau mawili kati ya haya: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya safari za choo, na kubadilika kwa sura ya choo, na yawe yalianza si chini ya miezi 6 nyuma. Mgonjwa wa Kahama au wa Nyarugusu ya Geita hufika kwa daktari akiwa ameshaambiwa ana vidonda vya tumbo, kisha taifodi, kisha amiba, na kila jina amelimezea dozi. Kwa waliobaki nyumbani, jina ni chango, na dawa ni mizizi.

Cha kwanza kuulizwa ni kichocho. Kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Chato hadi Sengerema, kuna kichocho cha matumbo, ambacho huleta maumivu, kuharisha na damu kwenye choo. Ndani zaidi, kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya Shinyanga, kilichozoeleka ni kile cha mkojo. Lakini wachimbaji wadogo hawakai mahali pamoja: anayeshuka duarani (shimo la dhahabu) Kahama leo huenda alikulia Ukerewe akioga ziwani kila jioni. Kwa hiyo swali la maana ni alikooga, kuliko anakoishi. Mayai ya kichocho hayatoki kila siku, hivyo choo kinafaa kupimwa kwa siku mbili au tatu tofauti. Akikutwa nayo, hupewa prazikwanteli kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na wapo ambao "IBS" yao huishia hapo.

Giadia, VVU na kifua kikuu cha matumbo visisahauliwe pia, hasa kwa watu wa migodini, ambao vumbi la mwamba hudhoofisha mapafu yao na kuwaweka karibu zaidi na kifua kikuu. Zebaki inayotumika mialoni, kunakosafishwa dhahabu, husingiziwa mengi. Mvuke wake hudhuru zaidi neva na figo, na kamera haiwezi kuuona.

Zipo dalili zinazobadili hesabu: damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, homa, kuharisha kunakomwamsha mtu usiku, uvimbe unaopapaswa tumboni, au ndugu wa damu aliyeugua saratani ya utumbo. Hapo kolonoskopi si anasa. Hatari kubwa katika kanda hii ni damu kuitwa bawasiri na kila mtu, kuanzia muuza dawa wa stendi hadi mgonjwa mwenyewe, bila daktari kupima hata kwa kidole. Utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta wagonjwa wengi wa saratani ya utumbo mpana wakifika ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali, na umri wao wa kati ulikuwa chini ya miaka 50. Ujana basi usihesabiwe kuwa kinga.

Asiye na dalili hizo, na aliye chini ya miaka 45, hapati mengi kwa kamera. Mwongozo wa madaktari wa matumbo wa Marekani wa mwaka 2021 unashauri asifanyiwe kipimo hiki kama desturi. Utafiti wa huko wa mwaka 2010, uliochunguza watu zaidi ya 450 waliodhaniwa kuwa na IBS isiyo ya kufunga choo, ulikuta asilimia 1.5 tu wakiwa na mchochota wa utumbo unaoonekana kwa hadubini peke yake. Mwingine wa mwaka 2005 haukuona kuwa jibu safi la kolonoskopi huwatuliza wagonjwa wa IBS. Hili ndilo wengi hawalitegemei, maana mtu huuza mbuzi wawili akidhani ananunua amani.

Anayekubali kipimo ajiandae kwa safari. Kutoka Shinyanga mjini hadi Bugando ni zaidi ya kilomita 150. Wa Geita walikuwa wakingoja kivuko cha Kigongo–Busisi hadi daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, na aliyewahi kunywa dawa ya kusafisha tumbo anajua foleni ya kivuko ingekuwa mateso ya namna gani. Siku moja kabla mtu huacha ugali, maharage na mboga, hunywa vimiminika vyepesi, kisha dawa ya kusafisha tumbo, na sehemu ya pili ya dawa hunywewa alfajiri ya siku yenyewe. Kwa hiyo alale Mwanza, kwenye chumba chenye choo chake. Utumbo mchafu ni safari bure. Aje na ndugu wa kumrudisha, kwa kuwa dawa ya usingizi humlewesha. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Utumbo kutoboka hutokea kwa nadra, takriban mtu mmoja kati ya elfu moja au pungufu.

Daktari akichukua vinyama vya kupimwa, majibu ya maabara huchukua siku kadhaa zaidi, na hutafutwa mayai ya kichocho pia. Picha ikiwa safi na tumbo likaendelea kuuma vilevile, hakuna haja ya kurudia mwaka unaofuata. Matibabu huhamia kwenye chakula (kupunguza kwa wiki chache maharage, kunde, vitunguu na maziwa, kisha kurudisha kimoja kimoja), usingizi wa wanaofanya zamu za usiku, na dawa za kutuliza misuli ya utumbo. Kinachorudisha mgonjwa kwenye kamera ni dalili mpya.