Nani Alisema Katuni ni za Watoto?



Mwezi uliopita tulibandika tangazo kwenye mlango wa ukumbi: Jumamosi saa moja jioni kutakuwa na filamu ya katuni, wote mnakaribishwa, wakubwa kwa wadogo. Mzee mmoja wa bloku akalisoma mbele yetu mpaka mwisho. Akatuangalia. Akasema, "Wanangu, mimi nina wajukuu saba. Ndiyo mnaniita nije kuangalia katuni?"

Hakuwa na hasira, alikuwa anacheka. Lakini nyuma ya kicheko kulikuwa na jambo. Mafuta ya jenereta tunayopata yanatosha saa tatu kwa wiki, na Jumamosi ile kulikuwa na mpira. Wazee walitaka mpira, baadaye habari. Katuni, walisema, tuwaonyeshe watoto siku nyingine saa kumi, mradi jua lisiingie ukumbini. Sasa jua la huku mnalijua wenyewe, linaingia kila mahali, ukutani huoni kitu.

Siku ile tulikosa jibu zuri. Tukaenda kutafuta, tukasoma kwenye simu zetu usiku wakati bando ni rahisi, na haya ndiyo tuliyopata. Tunaweka hapa kwa sababu kumbe swali la mzee ni la zamani sana, na limewahi kuulizwa na watu wenye pesa nyingi kuliko sisi.

Tuanze na mwaka 1937, Marekani. Wakati ule katuni ilikuwa kitu kifupi, dakika saba au nane, inawekwa sinema kabla ya filamu yenyewe, na waliokaa kwenye viti ni watu wote, baba, mama, mtoto, askari aliye likizo. Walt Disney akasema atatengeneza katuni ndefu, dakika 83, hadithi ya Snow White na vijeba saba. (Wengi wanadai ndiyo ya kwanza duniani. Si kweli. Mjerumani Lotte Reiniger alikuwa amemaliza filamu ndefu ya vivuli vya karatasi mwaka 1926, alikata kila kipande kwa mkasi.) Gharama ya Disney ikafika karibu dola milioni moja na nusu, na watu wa Hollywood wakaipa jina: upumbavu wa Disney. Hoja yao ilikuwa ya mzee wetu kabisa. Mtu mzima gani atakaa zaidi ya saa nzima kuangalia michoro?

Tarehe 21 Desemba 1937 ikaonyeshwa mara ya kwanza Los Angeles, mbele ya waigizaji wakubwa wa siku zile waliovaa suti na magauni. Ilipofika pale binti amelala kama maiti na wale vijeba wanalia, watu wazima ukumbini wakalia. Walilia kwa ajili ya mstari wa penseli uliopakwa rangi! Mwaka 1939 Disney akapewa tuzo ya heshima, sanamu moja kubwa na nyingine ndogo saba.

Lakini kilichotushangaza zaidi kilitokea Uingereza. Wakaguzi wa filamu wa kule waliipa daraja ambalo mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kuingia bila kufuatana na mtu mzima, maana yule mchawi anatisha. Someni tena hapo. Hawakuuliza kama katuni inawafaa wakubwa. Waliuliza kama inawafaa watoto.

Basi nani aliigeuza? Televisheni. Mwaka 1960 kituo cha ABC kilianza kuonyesha "The Flintstones" saa za jioni, familia nzima ikiwa sebuleni, na mmoja wa wadhamini alikuwa kampuni ya sigara za Winston. Kuna tangazo Fred na Barney wanavuta sigara nyuma ya nyumba huku wake zao wanafanya kazi. Hiyo ni katuni ya mtoto kweli? Halafu miaka ileile ya sitini vituo vya Marekani vikasukuma katuni mpaka Jumamosi asubuhi, wazazi wamelala, matangazo ni ya midoli na vyakula vya sukari. Michoro ikafanywa ya haraka na ya bei rahisi. Watoto waliokulia hapo walipokuwa wakubwa walijua jambo moja: katuni ni ya asubuhi, ni ya mtoto. Ni ratiba tu iliyoamua hivyo, na sisi huku tuliipokea kama ilivyo pamoja na vipindi vyenyewe.

Sasa tunafika kwa Bambi, na hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa sababu wengi wetu tulidhani ni hadithi ya swala mdogo tu.

Aliyeiandika anaitwa Felix Salten, Myahudi wa Vienna, mji mkuu wa Austria. Kitabu kilitoka 1923 na hakikuandikwa kwa ajili ya watoto. Ni hadithi ya wanyama wa msituni wanaoishi huku wakijua kwamba kuna mmoja anakuja na bunduki na hawajui lini. Haki za filamu aliziuza kwa dola 1,000 tu. Mwaka 1936 vitabu vyake vikapigwa marufuku na Wanazi. Mwaka 1938 Ujerumani ikaimeza Austria, na Salten, mzee wa karibu miaka 70, akakimbilia Uswisi. Alifia Zurich mwaka 1945. Yaani kile kiswala kilichochorwa kwenye mabegi ya shule, baba yake alikuwa mkimbizi kama sisi.

Filamu ilitoka 1942 katikati ya vita, sinema nyingi za Ulaya zikiwa zimefungwa kwa filamu za Marekani, na mwanzoni ilileta hasara. Wawindaji wa Marekani walilalamika kwamba inawachafulia jina. Lakini tuangalie namna mama yake Bambi anavyokufa. Haonyeshwi. Wanakimbia, mama anamwambia mtoto asigeuke nyuma, mlio wa bunduki unasikika, halafu ni theluji inaanguka na mtoto anaita. Basi. Sisi hatujawahi kuona theluji, na haikutuzuia kuelewa. Mtoto mdogo anaona theluji na anauliza mama ameenda wapi. Mtu mzima anajaza mwenyewe kile ambacho mchoraji ameacha wazi, na anakijaza kwa vitu vyake alivyonavyo moyoni. Tunafikiri hapo ndipo penye jibu. Watu husema katuni inawavuta wakubwa kwa utani uliofichwa, ule ambao mtoto hauelewi, kama kwenye Shrek. Utani unachekesha, hatukatai, lakini ukicheka umeusahau kesho yake. Ile nafasi iliyoachwa wazi ndiyo unaondoka nayo nyumbani.

"The Lion King" mnaifahamu, hatutairefusha. Ilitoka Marekani Juni 1994. Majina yake mengi ni ya Kiswahili chetu, Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi, na baadaye kampuni ikasajili hata maneno "hakuna matata" kama alama yake ya biashara kwa nguo, eti! Mwezi uliofuata, Julai, karibu watu milioni moja wa Rwanda walivuka kuingia Goma kwa siku chache. Kule kwetu hakuna aliyekuwa na habari ya filamu. Tulipokuja kuiona sisi, miaka mingi baadaye, tuliona fisi wakipita kwa mwendo wa kijeshi mbele ya Scar, na waliotengeneza waliichukua picha ile kutoka filamu ya mikutano ya Wanazi. Mtoto anaona fisi. Baba zetu waliona kitu walichokiona barabarani. Na Lebo M aliyeimba ile sauti ya mwanzo ni mtu wa Soweto aliyekuwa anaishi uhamishoni. Tulipowahi kuiangalia na wazee, mmoja wao alisema hivi: "Simba alirudi kwao kwa sababu alikuwa na meno." Mjadala wa kurudi na kutorudi uliendelea mpaka usiku, na hatutauandika hapa.

Filamu ya Jumamosi yetu haikuwa hiyo. Ilikuwa "Kirikou na Mchawi", ya mwaka 1998, ya Mfaransa Michel Ocelot aliyekulia Conakry, Guinea, na muziki ni wa Youssou N'Dour wa Senegal. Wenye Kifaransa walifuata wenyewe. Kwa wengine mwenzetu mmoja alishika maiki akawa anatafsiri papo hapo, kidogo kama DJ Afro, ila tulimkataza kuongeza chumvi.

Mpira ulishindwa kwa kura mbili tu. Watoto walijaa mbele chini kwenye mkeka, mama zao kando ya ukuta. Mzee hakuingia. Alisimama mlangoni kama mtu anayepita.

Kirikou ni mtoto mdogo kuliko sungura, anazaliwa na siku hiyohiyo anasema na kukimbia. Kijiji kimeonewa na mchawi Karaba, chemchemi imekauka, wanaume wamekwenda kupigana naye hawakurudi. Watoto wetu walicheka mpaka tukashindwa kusikia. Kila mtu kijijini anamwogopa Karaba. Kirikou peke yake anauliza, na anauliza kila mahali: kwa nini Karaba ni mbaya? Wakubwa wanamwambia anyamaze, mchawi ni mbaya kwa sababu ni mchawi.

Mwishoni anafika kwa babu yake mlimani, na babu anamjibu. Karaba ana mwiba wa sumu mgongoni. Wanaume walimshika kwa nguvu, wakamchoma. Unamuuma usiku na mchana, na hataki mtu amtoe kwa sababu kuutoa kutauma kama siku ile ulipoingia.

Mtafsiri wetu alianza sentensi hiyo kwa sauti yake ya maiki na akaimaliza kwa sauti ndogo. Watoto mbele waliendelea kutafuna karanga. Kwao mwiba ni mwiba, wote wamewahi kuchomwa na miiba ya huku. Kando ya ukuta hakuna aliyesogeza hata mguu. Wengi wa mama wale wametoka Kivu. Hatuhitaji kueleza.

Kirikou anautoa kwa meno. Karaba anapiga kelele mara moja.

Baada ya filamu huwa tunauliza maswali matatu tuliyoandika kwenye karatasi. Hatukuyauliza. Mama mmoja alisema tu, bila kusimama, "Huyo hakuwa mchawi." Mwingine akajibu, "Lakini maji aliyazuia, dada. Watu walikufa kiu." Wa kwanza akasema, "Ndiyo. Na mwiba alikuwa nao." Wakaendelea hivyo, taratibu, watu sita au saba, na walikuwa wanasema habari ya Karaba, Karaba, Karaba, na sisi wote tulielewa kwamba pale katikati kuna wanawake wa humu kambini ambao watu hawawasalimu bombani. Sisi tumekaa kwenye semina nyingi za mada hii, zenye karatasi kubwa na kalamu za rangi. Hakuna hata moja tuliyoona watu wanaongea hivi. Hatusemi semina ni mbaya, wafanyakazi mnaosoma msikasirike. Tunasema tu tulichokiona.

Mzee wa mlangoni aliuliza swali moja: yule babu wa mlimani alijua tangu zamani, kwa nini alikaa kimya mpaka mtoto amfuate? Hakuna aliyemjibu. Jenereta ikaanza kukohoa, tukazima.

Sasa tuna ubishi mwingine ndani ya kikundi. Kuna filamu ya Kijapani ya mwaka 1988, tafsiri ya jina lake ni Kaburi la Vimulimuli, ya Isao Takahata. Takahata alikuwa na miaka tisa mji wake wa Okayama ulipopigwa mabomu ya moto Juni 1945. Ni kaka na mdogo wake wa kike, mama ameungua, wanahama kutoka kwa ndugu kwenda kwenye pango, na yule mtoto ana kopo la peremende. Ilipotoka sinema za Japani iliwekwa siku moja na "Totoro", katuni ya furaha kabisa, tiketi moja kwa zote mbili. Tumeiangalia sisi wanane kwenye laptopu. Wanne wanasema ionyeshwe, maana waliopita huko wana haki ya kujiona. Wanne wanasema hapana, kuna mama humu aliyebeba kopo la namna hiyo na sasa hana wa kumpa, na sisi si watu wa kumfungulia kidonda halafu tukazima jenereta tukaenda kulala. Tulimwuliza yule mama wa kwanza wa Jumamosi. Akasema, "Msiamue nyinyi. Waelezeni watu inahusu nini kabla, waseme wenyewe."

Kwa hiyo kuna karatasi kwenye mlango wa ukumbi, imeandikwa filamu ni ya nini na mwisho wake ukoje, hatukuficha. Anayetaka kuiona anaandika jina, na pembeni anaandika atakuja na watoto wangapi. Mpaka jana jioni majina yalikuwa kumi na moja, la mzee likiwa la tatu. Pembeni, wote kumi na mmoja wameandika sifuri.