Kamba Nyeupe Ndani ya Valvu

Fundi wa boila alikuwa na kijichuma chenye ncha iliyopinda kama ndoana. Kwa hicho alichokonoa kamba kuukuu iliyozunguka shina la valvu ya mvuke. Ilitoka vipande vipande, imekauka, vumbi lake jeupe likimrudia usoni. Akapuliza kwa mdomo ili kitundu kisafike, kisha akakata kamba mpya kwa kisu na kuishindilia. Miaka ya 1970, kamba nyingi za valvu za mvuke zilisokotwa kwa asbesto, jiwe la nyuzi lisiloungua.

Huku kwetu magharibi mwa Kenya mvuke ulikuja na garimoshi. Tawi la reli lilifika Kitale mwaka 1926. Reli kuu inayopita Bungoma ikafika Kampala mwaka 1931. Miaka ya 1970 vikaja viwanda: karatasi Webuye, kisha sukari Nzoia, kulikoanza kusagwa miwa mwaka 1978.

Kufikia hapo, madhara ya asbesto yalikuwa yamejulikana zamani. Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto huko Rochdale, Uingereza, alifariki mwaka 1924 akiwa na miaka 33, mapafu yamekakamaa. Mwaka 1960, J. C. Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu nchini Afrika Kusini, wengi wao wakitoka eneo la machimbo ya asbesto. Habari hizo zilistahili kumfikia kila mshika spana, Nzoia, Webuye na Kitale, kabla hajafungua valvu yake ya kwanza.

Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliiweka asbesto kati ya taka hatari nchini Kenya, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ikatoa mwongozo wa kuiondoa. Tangu hapo mazungumzo yamebaki kwenye mapaa ya asbesto ya shule na nyumba za serikali. Paa huonekana na kila apitaye. Kamba ya valvu hakuiona mtu ila fundi aliyeichokonoa, na mkewe aliyekung'uta ovaroli lake kabla ya kulifua.

Ugonjwa wa asbesto hujificha miaka 20, 40, hata zaidi. Kijana wa miaka 22 aliyeanza kazi ya boila mwaka 1978 sasa ana takriban 70. Akienda hospitali na kikohozi kikavu, pumzi imembana, atapimwa kifua kikuu na kuulizwa kama anavuta sigara. Naomba daktari aongeze swali moja: mzee, ujanani ulifanya kazi gani?