Oracle Ilipohamia Linux

Msomaji, ukienda benki kuuliza salio lako, karani hafungui daftari kubwa kama walivyofanya makarani wa zamani. Huiuliza kompyuta, nayo huitafuta habari yako katika programu iliyoziweka habari zote mahali pamoja kwa utaratibu. Programu ya namna hiyo huitwa hifadhidata. Nataka kukueleza jinsi hifadhidata moja ya kuuzwa ilivyoingizwa katika mfumo wa Linux, ambao hutolewa bure, na sababu iliyowafanya mafundi wengi waupende mfumo mkongwe kuliko mpya.

Katika mwaka wa 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa IBM huko California, aliandika kwamba habari zaweza kupangwa katika majedwali, na mtu akauliza atakacho bila ya kujua zilikolala. Larry Ellison, Bob Miner na Ed Oates walianzisha kampuni yao mwaka wa 1977, ndiyo iliyokuja kuitwa Oracle, na mwaka wa 1979 wakauza hifadhidata ya majedwali. Ile ya kwanza kuuzwa waliiita toleo la pili, maana walijua kuwa mnunuzi huogopa kuwa wa kwanza! Linux ilizaliwa baadaye, mwaka wa 1991, kwa mkono wa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Maandishi yake ya asili yalikuwa wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyabadili. Maandishi ya Oracle yalikuwa siri ya wenyewe.

Oracle ilipotoa toleo la 8 kwa ajili ya Linux mwaka wa 1998, watu wengi walifurahi, kwa kuwa kazi iliyohitaji mitambo ya bei kubwa sasa iliweza kufanywa na kompyuta ya kawaida. Lakini furaha hiyo ilikuwa na mwiba. Karibu kila programu ya Linux huazima amri zake nyingi katika hazina moja iitwayo maktaba ya glibc, na Oracle ilipowekwa, vipande vyake viliunganishwa na maktaba hiyo papo hapo katika mashine ya mnunuzi. Toleo la 8 lilikuwa limetengenezwa kwa glibc 2.0. Mwaka wa 1999 Red Hat 6.0 ilikuja na glibc 2.1, na maungio yakakataa. Programu za wazi ziliweza kutengenezwa upya na yeyote mwenye ujuzi, lakini aliyenunua Oracle hakuwa na budi kungoja kiraka kutoka kwa wenyewe. Mwaka wa 2000 Red Hat 7.0 ilileta glibc 2.2, na mafundi wakalazimika kuiweka maktaba ya zamani kando ya mpya. Red Hat 9 ya mwaka wa 2003 ilipobadili mpango wa nyuzi za kazi, fundi aliuamuru mfumo mpya ujifanye wa kale, mfano wa kijana aliyeambiwa aseme kwa sauti ya babu yake.

Na kazi yenyewe haikuwa ya mtu mwenye haraka. Chukua Oracle 9i, iliyotoka mwaka wa 2001. Ilikuja katika sahani tatu, ikataka kumbukumbu ya megabaiti 512. Kwanza fundi aliifungulia akaunti yake yenyewe na kundi lake la watumiaji, ili mgeni huyu asishike funguo zote za nyumba. Kisha aliupanua mpaka wa kumbukumbu ya shirika, kwani Linux ya siku hizo haikuruhusu fungu moja lizidi megabaiti 32. Ndipo alipoanza kuweka programu, na karibu na mwisho ilisimama ikimtaka aendeshe amri fulani kwa mamlaka ya msimamizi mkuu.

Mwaka wa 2002 Red Hat ilitoa mfumo wa kulipiwa, ulioahidiwa kutobadilishwa ovyo kwa miaka kadhaa. Wenye hifadhidata waliupenda kwa sababu hiyo hiyo. Waliobaki na mifumo ya bure walipata shida nyingine: msaada wa Red Hat 9 ulikoma tarehe 30 Aprili 2004. Tangu hapo, tundu lililogunduliwa katika mfumo halikuzibwa tena na waliouandika. Kubadili mfumo kuliweza kuiangusha hifadhidata. Kutobadili kuliacha mlango wazi kwa wezi wa habari, na habari zenyewe zilikuwa mishahara na madeni ya watu.

Mafundi wenye busara walizitoa habari zote katika faili moja, wakaziingiza katika mashine mpya yenye toleo jipya la Oracle, wakaiacha ya kale ikiwaka mpaka hesabu za majedwali ya pande zote mbili zikalingana.